Muhali ndio unaoua kesi

Swali la wiki hii: "Je, tukiongeza miaka ya kifungo, udhalilishaji wa kijinsia utapungua visiwani Zanzibar?"

Miaka peke yake haitoshi. Beccaria, mwanasheria wa Kitaliano, aliandika tangu 1764 kwamba mtu huzuiwa na uhakika wa kuadhibiwa kuliko ukali wa adhabu yenyewe. Ukali tunao: Sheria ya Adhabu Namba 6 ya 2018 si laini, na tangu 2021 kuna mahkama maalum ya makosa haya. Uhakika ndio unaovuja, tena kabla jalada halijamfikia hakimu.

Chukua mtoto aliyedhalilishwa Jumamosi usiku. Wa kwanza kuambiwa huwa bibi, halafu ami, halafu sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa. Kinaitishwa kikao. Mtuhumiwa ni jirani au damu moja, basi watu wanaoneana muhali, yaani haya ya kumshitaki mtu wao. Kufika Jumatano mtoto keshakoshwa na nguo zimefuliwa. Saa 72 zikipita, dawa ya kuzuia VVU haianzishwi tena, na cha kuchukuliwa sampuli ni kidogo mno. Daktari hujaza PF3, fomu ya polisi ya matibabu, kwa anachokiona siku hiyo; ya Jumamosi hawezi kuyaandika.

Anayetaka kesi isimame asimkoshe mtoto. Kila nguo iwekwe kwenye mfuko wake wa karatasi, kwani plastiki hufungia unyevu na kielelezo kikaoza. Aliye mjini aende moja kwa moja kituo cha Mkono kwa Mkono, hospitali ya Mnazi Mmoja, ambako daktari, polisi na mshauri wako pamoja. Na mtoto asihojiwe na kila shangazi anayepita: maelezo hubadilika kidogo kila anaporudia, na wakili wa utetezi huziokota tofauti hizo mojamoja.

Fedha ambazo familia hulipwa kwenye kikao ili yaishe hazifuti kosa. Mashtaka ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka, si ya familia. Lakini mama asipofika kutoa ushahidi, au akifika akasema "sikumbuki", mwendesha mashtaka atasimama na nini?

Wanaosema muhali ni udhaifu tu hawautazami vizuri. Nao ni mfumo wa adhabu: una aibu, una kutengwa, una harusi usizoalikwa. Kasoro yake ni kwamba humwadhibu aliyesema. Hata sheria iliwahi kuegemea upande huo. Ile ya 1985 ilimfunga mwanamke asiye na mume aliyepata mimba, na tumbo lake ndilo lililokuwa ushahidi. Mwanamme hana tumbo la kumshitaki. Mwaka 2005 kifungo hicho kiliondolewa, ikawekwa kazi ya kuitumikia jamii. Msichana aliyekuwa akijua kwamba kusema ni kujifunga mwenyewe angemshitaki nani?

Kwa hiyo ningeanzia kwa sheha kabla ya kugusa miaka. Habari ikimfika, aandike tarehe, saa na jina la aliyeileta, apige simu polisi papo hapo. Kikao kikitaka kukaa, kikae mtoto akishatoka hospitali.