Ukoo wetu hauna ualbino, mtoto kautoa wapi?

Dada wa Tukuyu, hongera kwa mtoto, na pole kwa maneno ya ukweni. Unasema wewe na mumeo ni weusi, mmezaa mtoto mwenye ualbino, na mama mkwe anadai umetoka nje. Ualbino hauthibitishi hilo hata kidogo. Kila mtu ana nakala mbili za jeni inayohusika (jeni ni maelekezo ya urithi mwilini), moja ya mama, moja ya baba. Ile nzima ni tawala: ikiwepo hata moja, rangi inatoka kama kawaida na ile yenye hitilafu, iitwayo fifi, haionekani. Ndiyo maana inaweza kupita vizazi kadhaa kimyakimya. Wabebaji wawili, yaani watu wenye nakala moja fifi iliyojificha, wakikutana, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mtoto mwenye ualbino. Kila mimba upya, si kwamba watatu wanaofuata wameshanusurika! Huenda mama mkwe mwenyewe ndiye mbebaji (hilo usimwambie leo).

Kubwa sasa ni jua. Mawingu ya Rungwe yasikudanganye, miale inapenya. Kofia pana, mikono mirefu, losheni ya kukinga jua, na macho yapimwe mapema, maana wengi huona kwa shida. Akianza shule, mwombee dawati la mbele.