Maswali yenu: netiweki ya kaofisi kadogo

Tuna kompyuta 5 na printa 1. Rauta peke yake inatosha?

Haitoshi, rauta nyingi za kawaida zina matundu 4 tu ya LAN, yale ya kuchomeka waya za vifaa vya ofisini. Chukua swichi (kiboksi cha kuongeza matundu) ya gigabiti ya matundu 8, zile za kuchomeka tu bila kuseti chochote. Ila piga hesabu, tundu 1 linaliwa na waya wa kutoka kwenye rauta, vifaa vyenu 6, hapo limebaki 1 tu! Kama mnategemea kuongeza mtu au kamera nendeni 16 moja kwa moja, haya mambo ya kuunga viswichi kila kona yanaleta fujo baadae.

Mkuu kwanini tusitumie waifai tu, waya za nini?

Mnaweza, lakini mimi kitu kisichohama nakipa waya: kompyuta za mezani, printa, kamera. Waifai mnagawana wote, mmoja akianza kudaunlodi faili kubwa wengine mnakaa mnaangalia kiduara kinazunguka, na jirani nae ana rauta yake inapiga kelele hapo hapo. Kwa waifai ya masafa ya 2.4 GHz tumia chaneli (njia ya mawimbi) 1, 6 au 11, ukiweka 3 eti iko wazi unaumizwa na wa 1 na wa 6.

Fundi anasema waya wa netiweki aina ya Cat5e umepitwa na wakati, lazima Cat6. Kweli?

Anakuuzia tu huyo. Cat5e inabeba gigabiti 1 kwa sekunde mpaka mita 100, ofisi ya vyumba 3 utaifikisha wapi? Bei zikikaribiana chukua Cat6, sawa. Mimi ningeogopa zaidi waya feki, kwangua uzi mmoja kwa kisu, ukiona weupe chini ya rangi ya shaba hiyo ni alumini imepakwa shaba juu, mrudishie. Inakatika kirahisi, na ukipitishia umeme wa kamera inapata moto. Alafu ukuta ukishatobolewa vuta waya 2 kila meza, kazi ni kutoboa sio waya.

Printa yetu leo inaprinti kesho haionekani, tatizo nini?

IP yake, yaani anwani yake kwenye netiweki, inabadilika. Rauta ndo inagawa anwani, printa ikizimwa na kuwashwa inaweza kupewa nyingine, kompyuta zinabaki kuitafuta kule kwa zamani. Ingia kwenye rauta uitengee anwani yake ya kudumu kwa kutumia namba yake ya MAC (namba ya utambulisho iliyotoka nayo kiwandani), tuseme 192.168.1.50, kisha iunganishe upya kwenye kompyuta kwa IP hiyo.

Wateja wanaomba paswedi ya waifai, tuwape?

Ya ofisi hapana. Washa netiweki ya wageni, wapate intaneti tu wasione mafaili yenu.

Jana netiweki yote iliganda, taa za swichi zinapepesa zote kwa pamoja kama disko. Swichi imekufa?

Sidhani. Angalia kama kuna waya umechomekwa ncha zote 2 kwenye swichi hiyo hiyo, mara nyingi ni mtu kaona ncha inaning'inia akajifanya kusaidia. Data inazunguka humo bila kutoka. Chomoa ncha moja, itatulia yenyewe.