Kabla hujaipenda kozi, uliza nani anaifundisha

Mwaka wa kwanza nilitoa kopi kurasa za idara yetu kwenye prospektasi, kile kitabu cha chuo kinachoorodhesha kozi, nikachukua kalamu nyekundu na kuzungushia kozi nilizozitaka mpaka namaliza. Iliyopata duara mbili ilikuwa Tafsiri na Ukalimani, ya mwaka wa tatu. Nilishajiona Arusha na hedifoni masikioni, nakalimani vikao vya Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Mwaka wa tatu ukafika. Orodha iliyobandikwa ubaoni haina Tafsiri. Nikadhani mchapaji kairuka, nikaenda kwa dada wa ofisi ya idara. Hata hakuinua macho.

“Mwalimu wake yuko masomoni, mdogo wangu. Chukua Semantiki, ile ya maana za maneno.”

Nikachukua Semantiki kama mtu aliyeenda duka la dawa akakuta aliyoandikiwa imekwisha.

Siku ile ndipo nilipoelewa kuwa kozi za lazima ni mali ya chuo, zitafundishwa hata kwa kuazima mwalimu idara ya jirani. Za hiari ni mali ya mwalimu mmoja. Akienda kusoma, akistaafu, akiteuliwa serikalini, anaondoka nazo. Wakati mwingine mwalimu yupo ila mmejiandikisha wanne tu, na idara haiwezi kumfungia mtu muhula mzima kwa watu wanne. Ndiyo maana siku hizi mdogo wangu yeyote akiniuliza kuhusu kozi, swali langu la kwanza ni nani anafundisha na mwakani atakuwepo? Hilo haliandikwi kwenye prospektasi. Analijua dada wa ofisini, na wanajua waliokutangulia mwaka mmoja. Ukisikia mwalimu anatafuta nafasi ya uzamivu nje, na kanuni zinakuruhusu kuichukua kozi yake mwaka huu, ichukue mwaka huu.

Kuna na mabadiliko makubwa zaidi, ya mtaala wenyewe. Kupitia HEET, mradi wa kuboresha elimu ya juu Tanzania, ule wa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioanza 2021, vyuo vya umma vimepitia upya mitaala mingi. Kozi mbili zinaunganishwa, moja inahamia mwaka wa pili, nyingine inabadilishwa jina na namba. Anayeingia mwaka huu hayamsumbui. Anayeumia ni aliye katikati, hasa mwenye keri, yaani kozi aliyofeli anayotakiwa kuirudia mwaka unaofuata.

Mwenzangu wa chumbani yalimkuta. Alifeli kozi ya hiari, akasapu, yaani akarudia mtihani, akafeli tena, akajipa moyo kwamba atakeri mwakani. Mwakani kozi haipo. Ilibidi aandike barua aruhusiwe kuchukua nyingine badala yake, na barua ile ikakaa kwenye meza moja wiki tatu huku dirisha la kujisajili linafungwa. Ikapita, lakini alikonda. Kwa hiyo kama koswaki yako, yaani alama za kazi za muhula kabla ya mtihani, kwenye kozi ya hiari inasuasua, usiitegemee keri hata kidogo.

Hesabu nayo uifanye mwenyewe. Shahada ya miaka mitatu inataka krediti, yaani pointi za uzito wa kozi, zisizopungua 360, yaani 120 kwa mwaka. Kozi ikifutwa wiki ya pili baada ya wewe kujisajili, mfumo hautakupigia simu kwamba umebaki na 112. Rudi uangalie usajili wako wiki ile ya tatu, na uwe na kozi ya akiba ambayo umeshahudhuria vipindi vyake viwili vitatu. Na prospektasi ya mwaka ulioingia itunze, hata kwenye simu: wakibishana ofisini kuhusu mtaala upi unakuhusu, hiyo ndiyo utakayoiweka mezani.

Semantiki, kusema kweli, ilinipa B+ na ilinifurahisha kuliko nilivyotarajia. Mwalimu wa Tafsiri alirudi Novemba, wiki ileile tuliyovaa majoho.