Gari likimisi, zima injini kwanza

Gari la petroli likianza kumisi, yaani silinda mojawapo haichomi mafuta sawasawa, mafundi wengi wa mtaani huliacha linguruma, wakachomoa koili (kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche) moja baada ya nyingine huku wakisikiliza. Ukichomoa na mlio usibadilike, silinda hiyo ndiyo mbovu. Jibu linapatikana, sibishi. Ila mimi siitumii njia hiyo, na kijana anayejifunza kwangu simruhusu.

Betri ni ya volti 12, ndiyo maana watu huidharau. Koili huupandisha umeme huo ukapita volti 20,000, na kwenye magari ya siku hizi hufika hata 40,000. Hudumu muda mfupi mno, kwa hiyo mtu mwenye afya mara nyingi hubaki salama. Kinachoumiza zaidi ni mshtuko. Nilikuwa upande wa pili wa boneti mwenzangu alipopigwa na waya wa plagi kwenye gari la zamani lenye feni ya mkanda. Umeme ulimuuma kidole. Jeraha alilipata kwenye kiwiko, maana mkono ulijivuta wenyewe ukaenda kugonga feni. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asiinamie kabisa injini inayowaka.

Usijidanganye kuchomolea kwa koleo pia. Hata lile la mafundi umeme lililoandikwa 1000V, hesabu mwenyewe pengo kati ya volti hizo 1,000 na zile 20,000 za koili.

Chukua Toyota IST yenye injini ya 1NZ. Ina koili nne, kila moja juu ya plagi yake, imeshikwa na bolti ya spana namba 10. Nikipima kwa mashine ya kusoma misimbo ya hitilafu ikatoa P0301, silinda ya kwanza ndiyo inayomisi. Nazima, natoa ufunguo, nabonyeza klipu na kuchomoa soketi, kisha koili ya kwanza naihamishia silinda ya pili, ya pili naileta ya kwanza. Nafuta msimbo, nawasha, nasubiri. Ukija P0302, yaani silinda ya pili, koili ndiyo mbovu. Ukirudi P0301, nakagua plagi, halafu nozeli inayonyunyiza petroli. Huna mashine? Chomoa soketi ya koili moja injini ikiwa imezimwa, ndipo uwashe usikilize. Usiliache lingurume muda mrefu, petroli isiyoungua inaharibu katalisti, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi.

Kupima plagi kwa kutazama cheche yake ndiko kunakoniogopesha zaidi. Plagi inalazwa juu ya injini, mtu anapiga stata, na matundu ya plagi yako wazi yakitema mvuke wa petroli palepale cheche inaporuka! Chomoa kwanza soketi za nozeli zote. Plagi nayo iguse chuma kisafu cha injini; isipogusa, umeme utatafuta njia nyingine, na njia hiyo inaweza kuwa wewe.

Ukitaka kutoa betri, anza na waya wa hasi, maana spana ikigusa bodi wakati unafungua chanya utapiga shoti. Pete na saa ya chuma weka mfukoni. Plagi usizifungue injini ikiwa ya moto. Hedi ya aluminiamu hung'oka nyuzi, na hapo bili inabadilika.

Kwa Prius na Aqua, magari ya haibridi yanayotumia petroli na umeme, kimya cha injini si ushahidi kwamba gari limezimwa. Taa ya READY ikiwa imewaka, injini inaweza kujiwasha muda wowote mikono yako ikiwa ndani. Zima, hakikisha taa imezimika, rimoti iweke mbali na gari, na nyaya nene za rangi ya chungwa, zile za umeme mkubwa, waachie waliosomea.