Picha inayofungiwa kabatini

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeona nakala ya picha ya mwanamke wa gauni la buluu akiagana na askari ngazini. Ni nani aliyeichora, na kwa nini ile halisi hufichwa?

JIBU: Mchoraji ni Frederic William Burton, Mwairishi aliyezaliwa mwaka 1816, na picha hiyo ni ya mwaka 1864. Inatokana na utenzi wa kale wa Denmark: Hellelil alimpenda mlinzi wake, Hildebrand, na baba yake akawaamuru wanawe saba wamuue kijana huyo. Burton hakuchora damu. Alichagua dakika ya kuagana, askari akiubusu mkono wa Hellelil, naye amegeuza uso ukutani, huku petali za ua jeupe zimeanguka kwenye kipandio. Kwa jinsi ilivyokolea, wengi hudhani ni rangi ya mafuta, kumbe ni rangi za maji, ambazo hufifia zikipigwa na mwanga. Ndiyo maana jumba la sanaa la taifa mjini Dublin huionyesha kwa saa chache tu kila wiki. Mwaka 1874 Burton aliteuliwa mkurugenzi wa National Gallery ya London, akaiongoza kwa miaka 20, na uchoraji wake, kwa masikitiko yetu, ukaishia hapo.