Maswali na Majibu: Umri wa Betri za Metali ya Lithiamu Umo Katika Elektrolaiti

Je, betri ya simu yangu si ndiyo hiyo ya metali ya lithiamu?

Siyo. Ni ya lithiamu ioni, ambayo lithiamu yake huhifadhiwa ndani ya grafaiti (aina ya kaboni) badala ya kuwa metali tupu. Swali hili hurudi kila mara, nami nawasihi wasomaji wazitofautishe betri hizi mbili kabla ya kuuliza.

Kwa nini metali hiyo inatafutwa sana ilhali huharibika mapema?

Inatafutwa kwa sababu gramu moja yake hubeba miliampea-saa 3,860, na ya grafaiti 372 tu. Huharibika kwa sababu hushambuliana na karibu kila kimiminika kinachoigusa. Elektrolaiti, yaani kimiminika kinachopitisha ioni (chembe zenye chaji) kati ya pande mbili za betri, inapovunjika juu yake hujenga utando mwembamba wa kuikinga, lakini metali hutanuka na kunywea kila betri inapochajiwa na kutumika, utando ukapasuka, elektrolaiti nyingine ikaliwa, na lithiamu ikaota vijiti kama mizizi. Baadhi ya vijiti hukatika na kupotea bure; vingine hupenya hadi upande wa pili na kuleta shoti. Mwaka 1989 kampuni ya Moli Energy ya Kanada ililazimika kuziondoa betri zake za aina hii sokoni baada ya visa vya moto.

Elektrolaiti zilizoboreshwa zina nini kipya?

Ile ya kawaida, yaani chumvi ya LiPF6 katika viyeyushi vya kaboneti, iliundwa kwa ajili ya grafaiti. Etha, ambazo ni viyeyushi vya jamii nyingine, hupatana zaidi na lithiamu, ila huoksidika volti zinapozidi takriban 4. Njia mojawapo ni kukoleza chumvi ya LiFSI hadi karibu kila molekuli ya etha iwe imeshikwa na ioni. Hapo chumvi ndiyo hutangulia kuvunjika, na utando unaobaki hujaa floridi ya lithiamu. Kwa kuwa mchanganyiko huo ni mzito na ghali, watafiti wa maabara ya Pacific Northwest nchini Marekani waliuzimua kwa etha yenye florini isiyoyeyusha chumvi, na mwaka 2020 wale wa Chuo Kikuu cha Stanford waliiunda upya molekuli ya etha yenyewe ili ukolezi wa kawaida utoshe. Naiona njia hii ya pili kuwa bora, lakini zote mbili hutegemea kemikali za florini, na baadhi ya kemikali za jamii hiyo haziozi kirahisi katika mazingira. Suala hilo lishughulikiwe sasa, kabla ya viwanda kujengwa.

Ufanisi wa asilimia 99 kwa kila mzunguko si unatosha?

Hautoshi hata kidogo. Ufanisi huo ni sehemu ya lithiamu inayorudi kila betri inapochajiwa na kutumika mara moja, yaani kila mzunguko. Bila akiba ya lithiamu, baada ya mizunguko 100 utabaki na asilimia 37 hivi ya lithiamu. Kwa ufanisi wa 99.9, utabaki na zaidi ya 90. Ndiyo maana nasisitiza, na nitaendelea kusisitiza, kwamba idadi ya mizunguko isiyoambatana na kiasi cha elektrolaiti na unene wa lithiamu haifai kuaminiwa. Betri ya kitufe ya maabara iliyofurika elektrolaiti hudumu kwa kula akiba yake, ilhali betri halisi hupewa gramu chache tu kwa kila ampea-saa.

Betri ya simu yangu imevimba. Fundi anaweza kuiongezea elektrolaiti?

Hapana, wala asiitoboe kutoa hewa. LiPF6 ikikutana na unyevu hutoa asidi ya hidrofloriki, ambayo huunguza ngozi na mapafu. Acha kuichaji, iweke mbali na vitu vinavyoshika moto, kisha uipeleke kwa wanaokusanya taka za kielektroniki.