Niliacha Bia, Soda Ikanifilisi

"Kaka, nina miezi mitano sijagusa bia. Nilijua nitaanza kuona hela. Mbona kila nikitoka na wenzangu narudi sina kitu, na mimi nakunywa Fanta tu?"

Ujumbe huu niliupata Jumatatu asubuhi nikiwa ndani ya mwendokasi, nimebanwa kati ya mlango na mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa. Nikacheka kwa sauti mpaka yule mama akanitazama vibaya. Nilicheka kwa sababu juzi yake, Jumamosi, na mimi nilikuwa nimelipa 26,000. Soda tano na maji mawili. Hapo sijala hata kipande cha muhogo.

Wanaonifuatilia siku nyingi wanajua kwamba Novemba hii natimiza miaka sita bila tone la pombe. Najisifu? Ndiyo, najisifu, na sitaomba radhi. Nilivyoacha nimeshaeleza mara nyingi, leo sirudii. Leo naongelea kitu ambacho hakuna aliyenionya wakati ule: ukiacha bia lakini hujaacha baa, baa nayo haijakuacha.

Nianze na hiyo Jumamosi. Mwenzetu mmoja kazini kapanda cheo, tukaalikwa lounji moja upande wa Masaki. Taa za bluu, viti vya kuzama, muziki unakugonga kifuani. Menyu unaisoma kwenye simu, na ukiisoma utakuta whisky ina bei, mvinyo una bei, shisha ina bei, ila soda imeandikwa "soda" basi. Mhudumu akaja: "Nikuletee nini, bosi?" Nikasema Stoney. Ikaja. Akaifungua mbele yangu, akaimimina kwenye glasi iliyojaa barafu, akabandika kipande cha limao ukingoni. Nikajiona mtu. Ile glasi, nilikuja kujua saa tano usiku, ilikuwa 4,000. Kwa Mangi wa mtaani kwetu Stoney hiyohiyo ni 700, na Mangi anakuuliza watoto hawajambo.

Sasa wengi hapa wataanza kupiga kelele: wizi, tamaa, wameota mapembe. Mimi siwezi kupiga kelele hivyo, maana nilishakaa upande wa pili wa kaunta.

Kuanzia 2016 hadi 2018 nilikuwa na grosari Tabata. Meza sita, televisheni moja, friji mbili, moja ya bia na moja ya soda na maji. Kreti la soda lina chupa 24. Mimi nilikuwa nalichukua kwa kama 10,500, nauza chupa 600. Piga hesabu: kreti zima likiisha unabaki na 3,900, yaani shilingi 160 na kidogo kwa chupa. Chupa zenyewe si zako, unatakiwa urudishe tupu ndipo upewe zilizojaa. Ikivunjika moja, au mtoto wa jirani akiondoka nayo, faida ya soda kadhaa imeondoka naye. Friji inakula LUKU usiku na mchana, iwe umeuza au hujauza. Bia moja ilinipa karibu mara tatu ya soda, na mnywaji wa bia haishii moja.

Mnywaji wa soda, ndugu zangu, nilikuwa simpendi. Nasema ukweli. Anakuja dakika tano kabla ya mechi, anachagua kiti cha mbele, anaagiza Mirinda moja, anaibembeleza mpaka dakika ya tisini. Kuna kijana mmoja, mpole, alikuwa anafanya hivyo kila Jumapili. Siku moja grosari imejaa, watu wa bia wamesimama, nikamwendea nikamwambia mbele za watu, "Mdogo wangu, hapa si stendi." Alimalizia soda yake amesimama, akanirudishia chupa mkononi, akasema asante. Hakurudi tena. Grosari ilikuja kufa kwa sababu nyingi, na baadhi ya sababu hizo nilizinywa mwenyewe. Ila yule kijana na ile chupa ndio wananijia kila nikikaa lounji nikiwa na glasi moja na mhudumu ananipita kama nguzo.

Kwa hiyo ninapokwambia kwamba ile 4,000 si bei ya soda, nisikilize. Unakodi kiti. Soda ni risiti tu ya kukodi kiti. Pango la Masaki, jenereta, DJ, walinzi wawili mlangoni, vyote hivyo mwenye lounji anategemea vimlipe kupitia kinachoingia mdomoni mwako. Mwenzako anakunywa bia sita, wewe soda mbili, mmekaa saa zilezile. Atafanyaje? Anaisogeza soda ikaribiane na bia.

Halafu kuna serikali. Kwenye 4,000 hiyo, kama umepewa risiti halali ya EFD, ile mashine ya kodi, shilingi 610 ni VAT ya asilimia 18. Kabla ya hapo kiwandani kuna ushuru wa bidhaa, ndiyo maana ikifika Juni, bajeti ikisomwa Dodoma, wenye baa wote wanakaa kimya mbele ya televisheni wasikie bia, soda na sigara zimefanywa nini. Sawa, hayo tunayajua. Ila acha nikupe siri ya kaunta. Kiwandani wakiongeza 1,200 kwenye kreti, hiyo ni shilingi 50 kwa chupa. Mimi wa grosari sikuwahi kupandisha 50. Nilipandisha 100, kwa sababu nani ana chenji ya hamsini saa nne usiku? Na lounji hawana habari hata na sarafu ya mia. Kule bei inapanda kwa mia tano. Hamsini ya kiwandani inafika mezani kwako ikiwa imezaa watoto tisa.

Na ikishapanda haijui kushuka. Mwanzoni mwa 2024, mvua za El Niño zilipovuruga viwanda na mashamba ya miwa, sukari ikaadimika, kila kaunta niliyokaa niliambiwa "sukari, kaka, sukari." Nikaelewa. Sukari ikarudi madukani. Soda ikabaki kulekule juu ilikopandia. Kuna sehemu hata maji ya chupa yalipanda msimu ule. Maji!

Binamu yangu yuko Leicester, Uingereza, naye ni mtu wa soda kama mimi, na analia kilio hiki hiki: glasi ya Coca-Cola ya pub inaikaribia bia kwa bei. Tena kule tangu 2018 vinywaji vyenye sukari nyingi vina tozo yake. Ila ana kinga moja ambayo mimi sina. Sheria inailazimisha baa yenye leseni impe maji ya bomba bure akiomba. Mimi nikiomba maji ya bomba hapa Dar, mhudumu ataniuliza kama nataka kunawa. Kwa hiyo napewa ya chupa, 3,000.

Sasa nifike kwenye kidonda. Nilijiambia sitakiandika, lakini huyu ndugu wa Fanta kanigusa.

Miaka mitatu iliyopita, siku ya kuzaliwa ya rafiki yangu wa tangu shule. Tulikuwa wanane. Meza ilikuwa na whisky chupa mbili kubwa, bia sijui ngapi, kuku, mishikaki. Mimi nilikunywa Sprite tatu. Bili ikaja: 640,000. Kabla sijaitia machoni, jamaa mmoja akapiga makofi: "Tusisumbuane, tupige pasu." Elfu themanini kila kichwa. Nikamtazama mwenye sherehe, akawa anatafuta kitu kwenye simu. Nikawatazama wengine, kila mtu anaingiza namba ya siri. Nikalipa. Sikusema neno. Hela ya Bolt ikawa haipo, nikarudi na daladala ya mwisho.

Mke wangu akaniuliza, "Umetumia ngapi?" Nikamwambia. "Umekunywa nini?" Sprite. Hakujibu. Alikuja karibu, akaninusa mdomo. Miaka mitatu sijanywa wakati ule, na mke wangu ananinusa mdomo kwa sababu ya hesabu ya watu wengine. Yule rafiki bado ni rafiki, tunasalimiana, nilimchangia harusi ya mdogo wake. Ila jambo hili hajawahi kuligusa, na najua anasoma hapa. Habari za huko, bwana.

Basi ushauri. Wa kwanza: uliza bei. Uliza kabla chupa haijafunguliwa, maana ikishafunguliwa ni yako. "Dada, Stoney shilingi ngapi?" Maneno manne. Ajabu ni kwamba sokoni Ilala unabishania mia mbili ya nyanya bila haya, ukikaa kwenye kiti cha kuzama unaona kuuliza bei ni kujidhalilisha. Wanaolipa whisky ya laki na nusu wanauliza kwanza, nimewaona. Ni sisi wa soda tunaojifanya mabosi.

Wa pili: sema mapema kwamba unajilipia. Wakati wa kukaa, si wakati wa bili. Mwambie mhudumu, "Ya kwangu iandike pembeni," useme watu wakisikia. Watakucheka. Mimi wananiita Mzee wa Stoney na nimezoea. Anayekucheka kwa kujilipia soda alikuwa na mpango na pochi yako.

Wa tatu ni kama wa kwanza. Uliza bei, halafu ukishaijua, agiza kwa mpango. Kunywa maji yako nyumbani kabla ya kutoka, kiu ikuishie huko. Soda moja ya lounji, nikijipanga, naimaliza kwa muda wa saa mbili. Barafu ikiyeyuka nakunywa na barafu. Kile kipande cha limao nakila na ganda lake.

Na kama mkusanyiko unaupanga wewe, wapeleke watu grosari. Chupa ya kioo, ya baridi, 1,000, viti vya plastiki, na mtasikiana mkiongea. Ndugu yangu wa miezi mitano, hujaacha pombe ili ukafadhili za wenzako. Jipende. Mwenye grosari mtendee haki pia: kunywa mbili, chupa mrudishie kaunta mwenyewe, usiiache chini ya meza ikapigwa teke.

Umeniuliza pia kama uache kabisa kutoka na wenzako. Usiache. Mimi nilijaribu mwaka wa kwanza, nikakaa ndani miezi minne, nikawa mtu wa kununa, mke wangu mwenyewe ndiye aliyenitimua niende nikaangalie mpira.

Jumamosi hii tunarudi palepale Masaki, safari hii mwenzetu anaaga, anahamia Mwanza. Leo mchana nimepiga simu kaunta kuuliza bei ya Stoney. Dada kaniambia nisubiri, akamuuliza mtu, akarudi.

4,500.